Mkojo ukikutoka na mimba: fiziotherapia ya nyonga, na pa kuanzia kwa sisi wa bara ya Mombasa

Nilikuwa kwenye mteremko wa feri upande wa Likoni, saa kumi na mbili unusu asubuhi, na mimba ya mtoto wa pili ya miezi saba. Feri ikapiga honi, watu wakaanza kukimbia, nami nikakaza mwendo. Hata hatua tano sikufika, nikahisi maji ya moto mapajani. Nilidhani chupa imepasuka. Kumbe ulikuwa mkojo. Buibui lilinisitiri, nikavuka nimesimama pembeni kabisa, na nilipofika Marikiti nikanunua leso ya kubadilisha kabla ya kuingia kazini.

Kwenye kiliniki niliyokuwa nikihudhuria nilimweleza sista. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kadi: "Ni kawaida ya mimba hiyo, mama. Ukizaa itaisha." Nikazaa, haikuisha. Mavyaa wangu akaniambia wote wamepita humo, nijifunge mkaja sawasawa. Nikajifunga arobaini nzima. Nikicheka, unatoka. Nikipiga chafya, unatoka. Nikiinua mtoto, unatoka. Kilichoniuma zaidi ya nguo ni udhu. Natawadha, nasujudu, nahisi tone. Siku nyingine nilirudi bombani mara tatu kwa sala moja, na Ramadhani ile tarawehe niliikosa karibu yote.

Mimba ya tatu ndiyo iliyonifungua macho, na aliyenifungua ni mkunga mstaafu wa mtaani kwetu. "Mwanangu, kwani hukupelekwa kwa watu wa mazoezi?" Mimi nikijua fiziotherapia ni ya waliovunjika miguu na wazee waliopigwa na kiharusi. Nikaenda. Haya ninayoandika ni yale niliyofundishwa huko, pamoja na niliyosoma baadaye. Nayaandika kwa sababu tangu siku ile sijakaa na kina mama wanne Likoni, Kisauni au Changamwe bila angalau mmoja kuniambia kwa sauti ya chini, "Hata mimi."

Misuli yenyewe

Chini ya tumbo, ndani ya mifupa ya nyonga, kuna tandiko la misuli lililoanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake kumekaa kibofu cha mkojo, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Kwa mwanamke tandiko hilo limeachwa nafasi tatu: njia ya mkojo, uke, na njia ya haja kubwa. Wataalamu huliita sakafu ya nyonga. Mimi naliona kama kitanda cha kamba. Kikiwa kimewambwa vizuri hubeba mtu bila kubonyea. Kamba zikilegea, alalaye juu huzama katikati, na kitanda hakitupwi, huwambwa upya.

Mimba huzilegeza kamba hizo kwa njia mbili. Kwanza uzito: mwisho wa mimba mtoto, maji yake na kondo la nyuma hufika kama kilo 5, na zote zimekalia hapo mchana na usiku. Pili, homoni za mimba hulainisha viungo na mishipa ya nyonga ili njia ipatikane. Kisha kuzaa kwenyewe: mtoto anapopita, sehemu ya katikati ya misuli hii hukadiriwa kunyooka hadi mara 3 ya urefu wake. Hakuna msuli mwingine wa mwili unaotakiwa kufanya kazi hiyo, ukapona, bila mtu kuuliza habari zake.

Kwa hivyo kutokwa na mkojo ni jambo linalowapata wengi. Baada ya kuzaa huwapata kama thuluthi moja ya wanawake, na wanaoshindwa kuzuia choo kikubwa au hewa huweza kufika mmoja katika kumi. Hapo ndipo neno "kawaida" linapotudhuru. Homa ya malaria nayo ni ya kawaida pwani, na hakuna anayeambiwa akae nayo.

Mazoezi ya misuli hii huitwa ya Kegel, kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Alikuwa ameona wanawake wengi wakikimbilia kupasuliwa, akatengeneza kipimo cha kuonyesha nguvu ya msuli, akagundua kwamba wakifundishwa na kupimwa, wengi hurudisha nguvu yao. Watu huikumbuka sehemu ya mazoezi na kuisahau ile ya kufundishwa na kupimwa.

Ushahidi tangu hapo umeongezeka sana. Mwaka 2020 mtandao wa Cochrane, unaokusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, ulichapisha mapitio ya majaribio 46 yenye wanawake 10,832 kutoka nchi 21. Wajawazito ambao hawakuwa na tatizo, wakaanza mazoezi mapema, walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 62 wa kutokwa na mkojo mwisho wa mimba, na asilimia 29 miezi mitatu hadi sita baada ya kuzaa. Kwa wale walioanza wakiwa tayari wanavujwa, kama mimi, matokeo hayakuwa wazi kiasi hicho. Maana yake dada mwenye mimba ya kwanza asiyesikia lolote ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kuanza leo, na ndiye asiyeambiwa kitu kiliniki kwa sababu halalamiki. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mazoezi ya mwili wa 2020, linamwambia mjamzito asiye na kizuizi cha daktari afanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwamba misuli ya nyonga anaweza kuifanyisha mazoezi kila siku.

Nilivyopimwa

Nilikwenda nikiwa na wiki 18. Nusu ya muda ilikuwa maswali. Naenda chooni mara ngapi? Usiku je? Mkojo unanitoka nikikohoa, au unanishika ghafla kabla sijafika mlangoni? Choo kigumu? Tendo la ndoa lina maumivu? Uzazi uliopita nilichanwa, nilichanika, nilishonwa? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hayo kwa mpangilio ule, na nilipojibu la mwisho nilijikuta nalia.

Kisha alinitazama nikisimama, nikiinama, nikipumua. Akashika kiuno na nyonga. Halafu akaniambia kuna kipimo cha ndani, cha kidole chenye glavu, kinachoonyesha kama misuli inabana na kulegea sawasawa, na kwamba si lazima. Hapa nataka dada zangu wasikie vizuri. Kipimo hicho ni kwa idhini yako, unaweza kukikataa na matibabu yakaendelea, unaweza kuomba mwanamke, unaweza kuomba mtu wako awepo chumbani. Na hakifanywi kama umetokwa na damu, kama maji yamepasuka, au kama umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini kwenye mlango wa uzazi. Mimi siku ya kwanza nilikataa. Aliweka mkono juu ya msamba, nguo ikiwa mwilini, akaniambia nibane.

"Mama, hayo ni makalio," akasema.

Nilikuwa nimebana makalio, mapaja na tumbo, na pumzi nimeizuia. Misuli yenyewe haikusogea. Nilikuwa nimefanya "Kegel" za kwenye simu miezi miwili, kila siku, bure kabisa. Hata wanawake wengi wanaofuata maandishi hukosea hivi hivi, na wengine husukuma chini badala ya kuvuta juu, jambo linaloongeza tatizo. Ndiyo maana nasema mwendee mtu akutazame walau mara moja.

Namna ya kubana, na namna ya kuachia

Kaa au lala ubavu. Pumua kawaida. Fanya kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe zake, kisha kama anayezuia mkojo, na uhisi kitu kinapanda ndani kuelekea juu. Makalio yalegee. Usoni pasionekane lolote. Ukikunja uso unabana pasipo. Shika sekunde tatu ukiwa unapumua, achia kabisa, pumzika muda ule ule au zaidi. Wiki zikienda ongeza hadi sekunde kumi. Mara nane kwa mkao mmoja, mikao mitatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu: hicho ndicho kipimo cha chini ambacho miongozo ya Uingereza inataja. Ongeza na mabano machache ya haraka, bana-achia, kwa ajili ya chafya.

Mimi niliyafunga na sala, baada ya alfajiri, adhuhuri na isha, kwa sababu kitu kisichofungwa na wakati mimi hukisahau. Mengine nilifanya kwenye benchi la feri. Hakuna ajuaye.

Usiyafanye ukiwa unakojoa. Kuukata mkojo katikati mara moja ili kuujua msuli si neno, lakini ukilifanya zoea unakifundisha kibofu kutojimwaga chote.

Kuna hila moja ndogo iliyonifaa kuliko yote, na huanza kufaa kabla msuli haujapata nguvu. Bana *kabla* ya kukohoa, kupiga chafya, kuinuka au kubeba, ushike mpaka jambo lipite. Wiki mbili nikawa nimeshazoea, na chafya za asubuhi zikaacha kunidhalilisha.

Upande wa pili hausemwi sana. Si kila mwanamke amelegea. Wapo ambao misuli yao imekaza muda wote, kama ngumi isiyofunguka. Dalili zao ni maumivu wakati wa tendo la ndoa, mkojo unaochelewa kuanza, choo kinachokataa, maumivu ya kifandugu. Huyo akizidisha kubana anazidisha maradhi. Yeye hufundishwa kuachia: pumzi ndefu inayoshuka tumboni, mkao wa kuchuchumaa ulioegemea, kulala ubavu na mito. Hata sisi wengine, tukikaribia wiki za mwisho, tunafundishwa kuachia zaidi ya kubana, kwa sababu mtoto anahitaji mlango uliofunguka. Kuanzia wiki ya 34 au 35 unaweza pia kukanda msamba kwa vidole safi na mafuta yasiyo na manukato, mara moja au mbili kwa wiki. Kwa mzazi wa kwanza hupunguza uwezekano wa kuchanwa. Mume anaweza kusaidia, mkielewana.

Nyonga na kinena zikiuma ukipanda ngazi au kugeuka kitandani, hilo nalo ni la mlango huo huo, na huwapata kama mmoja katika wajawazito watano. Niliambiwa nivae nikiwa nimekaa, nigeuke kitandani magoti yakiwa pamoja, na matatu niingie kwa kukaa kwanza kisha nizungushe miguu yote miwili. Kwa tuktuk ni rahisi. Kwa matatu ya Changamwe saa ya jioni, utamwomba kondakta subira ambayo hana.

Mambo yetu ya nyumbani

Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Mjamzito wa Mtongwe au Mwandoni anayebeba mitungi minne asubuhi maji yakikatika anaifanyisha sakafu yake kazi ambayo mazoezi ya sekunde kumi hayawezi kuifidia. Beba nusu, mara nyingi, ukibana kabla ya kuinua, ukitoa pumzi wakati wa kuinua. Vyema zaidi abebe mwingine. Hili waume wanaosoma wasiliruke.

Kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kiache miezi ya mwisho kama kinena kinauma. Mkao ule wa miguu kupanuka na mwili kuinama mbele huvuta pale pale. Choo cha kuchuchumaa, kinyume na tulivyofundishwa kukionea haya, ni kizuri kwa haja kubwa kwa sababu njia hunyooka. Mwenye choo cha kukalia aweke kibao chini ya miguu. Kukamua choo kigumu kila siku ni kuisukuma sakafu chini kila siku, basi mboga, matunda na maji.

Na maji usiyapunguze kwa kuogopa kuvujwa. Nilifanya hivyo mimi, katika joto la Februari, na mkojo mzito ukawa unakiwasha kibofu na kunikimbiza zaidi. Nilichopunguza ni kahawa tungu na chai ya rangi.

Mkaja siupingi. Ukifungwa kuanzia nyonga kwenda juu, kwa kiasi, hushika kiuno na kumpa mzazi raha. Ukikazwa mpaka pumzi haishuki, unalisukuma tumbo chini juu ya misuli iliyochoka. Tena mkaja hushika tumbo kwa nje. Hauifanyi misuli ya ndani ijibane. Bibi zetu walijua zaidi ya mkaja, kwani somo alimfunza mwari kujibana na kulegea, ila somo hilo lilikuwa la unyumba na likaishia hapo. Chakacha nayo, kwa mwenye kuuliza, hailingani na kubana, lakini kukizungusha kiuno polepole kuliniondolea maumivu ya mgongo kuliko vidonge.

Mazoezi yasipokuwa jibu

Mkojo unaochuruzika mfululizo, mchana na usiku, bila kukohoa wala kucheka, hasa baada ya uchungu uliochukua siku nyingi, huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Hilo halibaniki. Hutibiwa kwa upasuaji, na upo: Gynocare kule Eldoret, CCBRT Dar es Salaam, na hospitali ya Addis Ababa iliyoanzishwa na Catherine na Reginald Hamlin mwaka 1974, ambapo fiziotherapia ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa. Dunia imeitengea fistula siku yake, tarehe 23 Mei. Ukimjua mwanamke anayejificha kwa harufu, mwambie hili kabla ya kumwambia lolote jingine.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje miadi ya mazoezi, ukiona damu, maji kumwagika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza, mkojo kuchoma pamoja na homa, au ganzi katikati ya mapaja pamoja na kushindwa kuuzuia mkojo ghafla.

Pa kwenda

Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina idara ya fiziotherapia. Shida yetu sisi wa bara ni kivuko. Wa Likoni ana feri, wa Kisauni ana foleni ya daraja la Nyali, wa Changamwe ana Makupa, na mwenye tumbo la miezi minane anahesabu nauli na vyoo vya njiani. Kwa hivyo anza karibu: uliza kwanza hospitali ya Likoni au Mrima, Port Reitz kwa watu wa Changamwe, Mlaleo kwa watu wa Kisauni. Sema wazi unataka mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na wajawazito, na kama hayupo unataka barua ya rufaa. Ukienda kwa mtu binafsi, uliza kama amesajiliwa. Sheria ya fani hiyo ipo tangu 2014 na ina baraza lake. Gharama na bima uliza dirishani kabla ya kuingia chumbani.

Maoni yangu, kaunti isingehitaji jengo jipya kwa hili. Mtaalamu mmoja, siku moja kwa wiki, kwenye benchi la kiliniki ya wajawazito, akiwafundisha kina mama ishirini kwa pamoja wakati wanangoja kupimwa presha. Mwongozo wa kimataifa wa 2016 unataka mjamzito aonwe mara nane. Mara moja tu katika hizo nane ingetosha kuanza.

Mimi nilihudhuria mara nne kwa mimba nzima, na mbili baada ya arobaini. Mtoto wa tatu alikuja kwa njia ya kawaida, nikachanika kidogo. Miezi minne baadaye nilikimbilia feri nikafika mkavu. Nikipata mafua makali bado tone hunitoka, na mtaalamu alinieleza mapema kwamba huenda likabaki. Tarawehe nasali zote.

Na ikiwa ulimi unakuwa mzito mbele ya sista, andika kwenye karatasi: "Mkojo unanitoka nikikohoa. Naomba barua ya fiziotherapia." Iweke ndani ya kitabu cha kiliniki na umpe. Mimi ndivyo nilivyofanya, na yule wa mara ile aliisoma, akanitazama, akaandika barua pale pale.